Maswali ya Wasomaji: Kila mtu anasema fangasi, fangasi gani sasa?

Mwezi huu meseji zenu zimejaa fangasi, wa watu, wa ng'ombe, wa kuku, na ukizisoma kwa utulivu unaona wengi mnahangaika na jambo moja, ugonjwa umepewa jina lakini jina lenyewe halijawasaidia. Kwa hiyo safari hii nimeziweka pamoja, nyingine nimezifupisha kidogo, na zilizotaja watu au hospitali nimetoa hayo majina.

SWALI: Shikamoo daktari. Mi nipo Majengo hapa Moshi. Mwanangu wa darasa la pili ana mapunye, nywele zimekatika kama mduara na yanazidi kusambaa. Duka la dawa la kwanza wakaniambia fangasi wakanipa tyubu, la pili wakasema mba, jirani anasema choa, sasa hospitali wameandika tinia kapitisi na chini yake Trichophyton violaceum. Mtoto ana magonjwa mangapi jamani?

JIBU: Marahaba mama, pole sana. Mtoto ana ugonjwa mmoja, majina ndo mengi. Fangasi, au kuvu kwa Kiswahili chetu, ni ukoo mzima, humo ndani kuna wa kucha, wa kichwani, wa ukeni, wa mapafu mpaka wa ubongo, kwa hiyo mtu akikwambia fangasi akaishia hapo bado hajakwambia chochote cha kukusaidia kuchagua dawa. Mba huku kwetu tunaita vitu viwili, ule unga wa kichwani na yale madoa ya kifuani na mgongoni, na vyote viwili sio alichonacho mwanao. Choa wengi wanaita ile miduara ya kwenye ngozi ya mwili. Mapunye ndo lenyewe, na mi hili jina nalipenda kwa sababu linakwambia ugonjwa upo wapi, upo kichwani kwenye nywele, na tinia kapitisi ya hospitali inasema hichohicho kwa Kilatini.

Sasa ule mstari wa pili ndo nataka uushike. Trichophyton violaceum ni kuvu yenyewe iliyomshika mtoto. Kuna chama cha kimataifa cha wataalamu wa kuvu za binadamu na wanyama, kinaitwa ISHAM, kilianzishwa Paris mwaka 1954, na mwaka 1992 kamati yake ilitoa mapendekezo kuhusu haya majina, kwamba tuache tabia ya kila kuvu mpya ikionekana kwa mgonjwa tunachukua jina lake tunalibandika mkia wa "-osisi" na kusema tumepata ugonjwa mpya, badala yake tuseme mgonjwa ana tatizo gani na limeletwa na kuvu gani. Majina ya zamani ambayo watu wameshayazoea yabaki, lakini mapya yaende kwa utaratibu huo. Aliyemwandikia mwanao kaandika hivyohivyo, tatizo juu, kuvu chini, na kwa kweli natamani cheti cha kila mgonjwa wa fangasi kiwe hivyo.

Faida yake kwako ni hii. Ile sehemu ya kwanza, kwamba ugonjwa upo kwenye nywele za kichwa, inakwambia tyubu peke yake haitoshi kwa sababu kuvu imeshaingia mpaka kwenye shina la unywele ambako krimu haifiki. Anatakiwa dawa ya kumeza, mara nyingi griseofulvini kwa wiki 6 mpaka 8 kulingana na uzito wake, mpe pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa mazito maana inaingia mwilini vizuri zaidi. Sehemu ya pili inakwambia umtafute nani. Violaceum anatoka kwa mtu kwenda kwa mtu, kwa hiyo angalia vichwa vya wadogo zake, angalia kitana, kofia, mashine ya kinyozi. Ingekuwa imeandikwa Microsporum canis ningekwambia mkamate paka wa nyumbani, muangalie masikioni na puani, maana huyo anatoka kwa paka na mbwa na utatibu mtoto mara kumi kama paka yupo palepale kitandani.

Na hivi viwili mtu wa maabara anaweza kuanza kuvitenganisha siku hiyohiyo. Anakwangua magamba na vile vinywele vilivyokatikia chini vikabaki kama vidoti vyeusi, anaweka kwenye kioo, anatia tone la potasiamu haidroksaidi, anasubiri liyeyushe, halafu anaweka chini ya hadubini. Kwa violaceum utaona unywele umejaa vimbegu ndani yake, ganda la nje bado zima, kwa canis vimbegu vimeuzunguka kwa nje. Kuotesha ili kupata jina kamili ndo kunachukua wiki kadhaa, usikate tamaa ukiambiwa majibu bado.

Halafu mama hiyo tyubu uliyopewa soma pembeni imeandikwaje. Nyingi zinazouzwa ni mchanganyiko wa dawa ya fangasi, antibayotiki na steroidi, hiyo steroidi inatuliza wekundu na muwasho ndani ya siku chache, mtu anafurahi, kumbe chini kuvu inakula taratibu na alama zake zimefutika mpaka daktari wa ngozi mwenyewe anashindwa kuitambua. Hiyo hali ina jina lake kabisa, tinia inkognito, ile iliyojificha. Acha kuipaka, na uzuri hapo ulipo hospitali ya KCMC sio mbali, kile kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kipo tangu 1992, nenda na cheti chako.

SWALI: Mkuu habari ya kazi. Nafuga ng'ombe wa maziwa Usa River. Ndama wangu wawili walitoka madoa ya mviringo ya kijivu kuzunguka macho na shingoni, kijana anayewahudumia na yeye akatoka miduara mkononi. Baada ya masika ng'ombe mkubwa naye kaota magamba mgongoni. Tukaambiwa zizi zima lina fangasi, tukanunua dawa ya kupaka. Ndama wanaendelea vizuri, ng'ombe ndo kazidi. Dawa feki au?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Dawa inawezekana ni nzima kabisa, jina ndo halikuwa lake. Hao ndama maelezo yako yanafanana sana na kuvu inaitwa Trichophyton verrucosum, ni ndugu wa yule wa mtoto wa Majengo hapo juu ila huyu anapenda ng'ombe, hasa ndama, na anahamia kwa binadamu kirahisi, ndo maana kijana wako kapata kwenye mkono anaomshikia ndama. Kwa ndama mara nyingi hupona wenyewe ndani ya miezi michache, lakini usingoje, tenga wagonjwa, sugua nguzo na kamba wanazojikunia kwa sababu mbegu za hii kuvu zinakaa kwenye mbao muda mrefu sana, na kijana apelekwe hospitali aseme anahudumia ndama wenye madoa, hilo neno moja linamwokolea daktari muda mwingi.

Ng'ombe mkubwa ni habari nyingine. Jaribu hivi: shika gamba moja mgongoni livute taratibu. Kama linatoka na nywele zake zimeshikana kama brashi ya rangi, na chini yake pabichi pana usaha kidogo, hiyo nadhani ni dermatofilosisi, na dermatofilosisi sio kuvu kabisa, ni bakteria. Anaitwa Dermatophilus congolensis, alielezwa mara ya kwanza Kongo mwaka 1915, na kwa sababu chini ya hadubini anaota kama nyuzinyuzi zenye matawi watu walimchanganya na kuvu miaka mingi, mpaka leo kwenye vitabu vya zamani vya kondoo utakuta ugonjwa wake umeandikwa kama wa kuvu. Mvua na kupe ndo marafiki zake. Dawa ya fangasi haimgusi, anatibiwa kwa antibayotiki kama oksitetra au penisilini na streptomisini, mwite afisa mifugo aangalie gamba kwanza, muogeshe kwa dawa ya kupe, na wakimchoma sindano uliza siku ngapi maziwa yasiuzwe. Na tafadhali usimpake oili chafu, ameshaumia vya kutosha.

Hapa ndo naumia mimi, zizi moja limepewa jina moja na mnyama mmoja kakosa dawa kwa ajili ya hilo.

SWALI: Mambo vipi dokta, nasoma chuo hapa Arusha. Mbona majina ya fangasi yanabadilika kila siku? Nimekariri Candida glabrata, mwalimu anasema siku hizi ni Nakaseomyces glabratus. Kuna faida gani ya kutusumbua?

JIBU: Poa mdogo wangu, hasira zako nazielewa lakini tenganisha vitu viwili, jina la kuvu na jina la ugonjwa. Jina la kuvu ni mali ya wanasayansi wa viumbe, wakipima vinasaba wakaona huyu tuliyemweka ukoo huu ni wa ukoo ule, wanamhamisha. Na kuna jambo kubwa lilitokea, zamani kuvu moja iliruhusiwa kuwa na majina mawili, moja la hatua yake ya kuzaana kwa jinsia na lingine la hatua isiyo na jinsia, mwaka 2011 kwenye kongamano la Melbourne likafutwa hilo, na kuanzia 2013 kuvu moja jina moja. Hapo ndo mengi yalipoanza kuhama. Candida krusei akawa Pichia kudriavzevii, Penicillium marneffei akawa Talaromyces, na hata Candida auris, huyu aliyeelezwa Japani 2009 baada ya kutolewa kwenye sikio la mgonjwa na leo anatisha hospitali nyingi duniani kwa kuingia kwenye damu, naye ameshapendekezewa jina jipya la Candidozyma auris.

Sasa ona shida inapoanzia. Kama ugonjwa ulikuwa umeitwa penisiliosisi kwa sababu kuvu ilikuwa Penicillium, kuvu ikihama ugonjwa nao unageuka kuwa talaromikosisi, na mgonjwa aliyeandikiwa 2010 na mgonjwa aliyeandikiwa leo wanaonekana wana magonjwa mawili tofauti kwenye takwimu wakati ni kitu kilekile. Linganisha na popo wa Marekani. Majira ya baridi ya 2006 huko jimbo la New York walionekana popo wana utando mweupe puani, wakafa kwa mamilioni miaka iliyofuata, ugonjwa ukaitwa pua nyeupe. Kuvu yake ilipewa jina Geomyces destructans, mwaka 2013 ikahamishwa ikawa Pseudogymnoascus destructans, na ugonjwa umebaki pua nyeupe, hakuna aliyechanganyikiwa. Mimi naona hivyo ndo inavyotakiwa, ugonjwa uitwe kwa kile kinachoonekana kwa mgonjwa, kuvu iandikwe pembeni, ikibadilika ibadilike huko pembeni.

Na sio kwamba majina ya zamani yalikuwa matakatifu. Chukua Histoplasma capsulatum, daktari Mmarekani Darling aliikuta Panama mwanzoni mwa miaka ya 1900 akadhani ni kimelea ndugu wa wale wa leishmania na kwamba kina ganda, kumbe sio kimelea, ni kuvu, na ganda halina. Jina limebaki na makosa yake na linafanya kazi. Au ile nimonia ya Pneumocystis ambayo watu wanaoishi na VVU wanakunywa septrini kuizuia, mpaka 1988 ilihesabiwa kimelea, vinasaba ndo vikaonyesha ni kuvu, halafu ile ya binadamu ikaitwa Pneumocystis jirovecii na jina carinii wakaachiwa panya. Lakini usije ukasikia kuvu ukamuandikia mgonjwa flukonazo, ile dawa ya fangasi, haifanyi kazi, kwa sababu hii kuvu haina egosteroli, yale mafuta ya kuvu, kwenye utando wake na egosteroli ndo flukonazo inakoshambulia. Kwa hiyo kariri majina yote mawili la zamani na jipya, andika jipya, na la zamani weka kwenye mabano miaka hii michache ambayo wauguzi wengi bado wanalijua hilo.

SWALI: Shikamoo. Baba yetu alitibiwa TB akamaliza dozi, tupo Sanya Juu. Baada ya miaka miwili anakohoa damu, makohozi hayana TB, wamepiga picha wakasema ana aspajilosisi. Mdogo wangu kaangalia mtandaoni anasema wagonjwa wake wanakufa karibu wote. Tumechanganyikiwa.

JIBU: Marahaba, poleni sana na mzee, na mwambie mdogo wako kwanza afunge hiyo simu. Aspajilosisi ni jina linalobeba magonjwa ambayo hayafanani hata kidogo, na hapa ndo unaona faida ya tatizo kuandikwa waziwazi. Kuna aina ya aleji, mtu mwenye pumu mwili wake unaikataa kuvu, huyo anapewa steroidi anapata nafuu. Kuna aina inayovamia mapafu ya mtu aliyeishiwa kinga kabisa, mfano anayetibiwa saratani ya damu, hiyo ndo mdogo wako aliisoma, ni hatari kweli na steroidi zinaizidisha. Na kuna ya watu kama mzee, TB ikipona inaweza kuacha shimo kwenye pafu, kuvu ya Aspergillus ambayo sote tunaivuta kila siku kutoka kwenye nyasi na vumbi inaingia mle inaota, inajiviringisha kama donge. Donge likikwaruza ukuta wa shimo anakohoa damu.

Kwa hiyo rudini mkaulize swali moja kwa lugha hiihii, "ni donge kwenye shimo la zamani la TB, au limeshaanza kusambaa taratibu kwenye pafu?" Majibu yanabadilisha kila kitu, kuna wanaoangaliwa tu, kuna wanaopewa itrakonazo kwa miezi, kuna wanaofanyiwa upasuaji. Akikohoa damu nyingi, ya kujaa kikombe, msingoje asubuhi, mpelekeni hospitali usiku huohuo. Na msikubali aanzishiwe dawa za TB upya kwa sababu tu anakohoa na amekonda, ombeni makohozi yapimwe tena, hawa wagonjwa wanafanana na wa TB mno na wengi wamemeza dozi ya pili na ya tatu bure.

SWALI: Habari dokta, nafuga kuku chotara Kijenge. Vifaranga wanaharisha damu, nimeambiwa koksidio, nimesearch nikapata koksidioidomikosisi, wanasema ni fangasi wa mapafu. Nimpe dawa ya fangasi?

JIBU: Hapana, usimpe. Kuku wako wana koksidiosisi, vimelea vya Eimeria kwenye utumbo, tiba yake ni dawa ya amproliamu kwenye maji, na uwawekee maranda makavu. Hiyo nyingine ndefu ni ya watu na wanyama wa Marekani ya Kaskazini na ya Kusini, ilionekana kwanza Argentina mwaka 1892, na waliompa jina mwaka 1896 walidhani wameona kimelea kinachofanana na hawa wa kuku wako, ndo kikaitwa hivyo na kosa likabaki kwenye jina mpaka leo. Ila kifaranga akiwa anahema mdomo wazi bila sauti, haharishi damu, na maranda yananuka ukungu, hapo fikiria Aspergillus ya mapafu, na tiba yake ni kutoa yale maranda yote leo, dawa kwa vifaranga haina maana.

SWALI: Shangazi kapimwa kipande cha ngozi, majibu yameandikwa Mycosis fungoides. Tumeona neno fungo tumemnunulia dawa za fangasi za mwezi mzima, hajapona.

JIBU: Ndugu zangu acheni hizo dawa. Hii ni saratani ya chembe nyeupe za damu zilizoko kwenye ngozi, haina kuvu ndani yake hata moja. Daktari Mfaransa Alibert aliielezea 1806, akaona vivimbe vya mgonjwa vinafanana na uyoga, basi. Jina hili mi ningelifuta leo kama ningeweza, limewapotezea watu muda. Wengi inakwenda polepole miaka mingi na ina matibabu, lakini matibabu yake yapo kwa daktari wa ngozi na wa saratani, mpelekeni wiki hii na hayo majibu ya maabara, msiyaache nyumbani.

SWALI: Mahindi yangu ya Kikatiti yameota ukungu wa kijani. Watu wasile, sawa, ila ng'ombe je? Na mtu akiumwa na sumukuvu tuseme ana fangasi?

JIBU: Hatusemi ana fangasi, na hapa jina letu la sumukuvu limekaa sawasawa kuliko majina mengi niliyotaja leo. Kuvu haijaota mwilini mwake, imeota kwenye mahindi ikaacha sumu, sumu ndo inaumiza ini, hata kuvu yenyewe ikiwa imeshakufa au umeifuta unga ukawa mweupe. Dawa ya fangasi haisaidii chochote. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walipoteza maisha kwa mahindi ya namna hii, sio jambo la kujaribu. Na ng'ombe usimpe, hata kwa kuchanganya na pumba nzuri, kwa sababu sehemu ya hiyo sumu inapita kwenye maziwa na kuchemsha hakuitoi, utakuwa umeitoa kwenye gunia umeipeleka kwenye kikombe cha mtoto. Kayafukie mbali na kuku.